Huang Gongwang, mzee wa milima na maji

Miaka hii kuna video za sanaa zinazotoka China ambazo zinadanganya macho. Ukiziangalia kwa mbali, unaona picha ya zamani sana ya Wachina: milima mirefu inayopanda juu ya ukungu, maporomoko ya maji, miti kwenye miamba, yote ya rangi nyeusi na nyeupe. Kiisha unakaribia. Kumbe ile milima si mawe. Ni majengo ya ghorofa, mamia kwa mamia, yamepangwa moja juu ya lingine. Ile miti ni nguzo za umeme na mashine ndefu za kujengea. Kile kinachotembea chini sawa mto ni magari yanayopita bila kusimama. Mwenye kutengeneza kazi hizo anaitwa Yang Yongliang. Alizaliwa Shanghai mwaka wa 1980, na tangu utoto alifundishwa kuchora kwa wino na brashi kama wazee wa zamani. Leo anapiga picha za miji, anazikata na kuziunganisha kwenye kompyuta, kiisha anazifanya zitembee.

Mtu wa Kindu anaweza kuuliza: sasa hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu mji wetu nao unakua kando ya mto, na sisi pia tuko na kazi ya kujua namna ya kuuangalia. Lakini mtu hawezi kuelewa video ya Yang kama hajui ile milima ya zamani ilitoka kwa nani. Wachoraji wa milima walikuwa wengi. Sisi leo tumechagua mmoja, Huang Gongwang, aliyekufa mwaka wa 1354. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanafundisha, na kwa sababu picha yake kubwa ilipata safari ndefu na mateso mingi kuliko yeye mwenyewe.

Mtoto aliyengojewa

Huang alizaliwa mwaka wa 1269 huko Changshu, mashariki ya China, upande wa mto mkubwa Yangzi unapokaribia bahari. Ukoo wake wa kuzaliwa haukuwa Huang. Alikuwa mtoto wa ukoo wa Lu. Wakati angali mdogo alipewa kwa mzee mmoja wa ukoo wa Huang ambaye hakuwa na mtoto wa kiume wa kurithi jina lake. Inasimuliwa kwamba yule mzee alikuwa na miaka karibu 90, na alipomwona mtoto alifurahi sana, akasema kwamba mzee Huang amengojea mwana kwa muda mrefu. Maneno hayo njo yaligeuka majina ya mtoto. Gongwang na Zijiu, yale majina yake mawili, ukiyasoma pamoja na Huang, yanatoa maana hiyo hiyo: mzee Huang alitazamia mwana tangu zamani. Huku kwetu pia tunajua majina ya namna hiyo, yale yanayobeba habari ya siku mtoto aliyoingia nyumbani.

Wakati ule haukuwa wa amani. Huang alipokuwa na miaka 7 hivi, mwaka wa 1276, jeshi la Wamongoli liliingia Hangzhou, mji mkuu wa ufalme wa Song. Mwaka wa 1279 ufalme huo ulikwisha kabisa. Wamongoli wakatawala China nzima, na utawala wao ukaitwa Yuan. Kwa kijana aliyesoma, hiyo ilikuwa shida kubwa. Zamani, kijana mwenye akili alisoma vitabu, akafanya mtihani wa Leta, akishinda akapata kazi kubwa. Wamongoli walisimamisha ule mtihani kwa miaka mingi. Wasomi wa kusini wakabaki na vitabu kichwani lakini bila mlango wa kuingilia. Wengine walifundisha watoto, wengine wakawa waganga, wengine wakakubali kazi ndogo za kuandika katika buro.

Huang alichukua njia ya buro. Akawa karani. Kazi yake ilikuwa kuandika na kupanga makaratasi ya serkali, upande wa mashamba na kodi. Si kazi mbaya, lakini haikuwa ile ambayo ukoo ulimtazamia mtoto aliyengojewa vile. Miaka ikapita, nywele zikaanza kuwa nyeupe, na yeye bado karani.

Kesi na gereza

Karibu na mwaka wa 1315 ndipo mambo yaliharibika. Huang alikuwa anafanya kazi chini ya mkubwa mmoja jina lake Zhang Lü, ambaye alitumwa kusini kupima upya mashamba ya watu ili kodi ipande. Ile kazi ilifanywa kwa ukali sana. Watu walisumbuliwa, wakaonewa, wakaasi. Wakubwa wa juu walipotafuta wa kumtwika kosa, Zhang Lü akakamatwa, na karani wake Huang akakamatwa naye.

Sisi tunajua mambo ya namna hiyo yanavyokwenda. Mkubwa akianguka, mwandishi wake anaanguka naye, hata kama mkono wake ulikuwa wa kuandika tu. Huang akaingia gerezani, na miaka yake ilikuwa inakaribia 50. Jambo la kuumiza zaidi ni hili: ni mwaka ule ule wa 1315 ambapo ule mtihani wa Leta ulifanywa tena baada ya kusimama miaka mingi. Rafiki zake waliingia chumba cha mtihani, wengine wakafaulu wakapata vyeo. Yeye alikuwa nyuma ya milango iliyofungwa.

Alipotoka, kazi ya serkali ilikuwa imekwisha kwake. Hakurudi tena. Alianza kuishi kwa kupiga ramli, yaani kuwaambia watu mambo yao ya mbele, kwenye miji ya kandokando ya Hangzhou. Akaingia pia katika dini ya Tao, katika kundi lililoitwa Quanzhen, ambalo lilifundisha watu kuishi kwa utulivu, kuacha tamaa na kufuata njia ya maumbile. Akajipa majina mapya. Moja lilikuwa na maana ya mjinga mkubwa, na lingine maana yake kilele kimoja. Mtu aliyepoteza cheo akajiita mjinga mwenyewe, kabla watu hawajamwita.

Kujifunza brashi uzeeni

Inasemwa kwamba ni karibu na miaka 50 njo Huang alishika kazi ya kuchora kwa nguvu. Alikuwa amejua wachoraji tangu mbele, na kati ya wakubwa aliowafuata alikuwapo Zhao Mengfu, mchoraji na mwandishi mashuhuri wa zamani zile. Lakini wenzake wengi katika umri huo walikuwa wanafikiri kupumzika. Yeye ndipo alianza.

Hapa ni lazima tueleze kidogo kazi yenyewe. Wachina wanaita picha za namna hiyo shanshui, maana yake milima na maji. Mchoraji hatumii rangi mingi. Anatumia wino mweusi uliotengenezwa kwa masizi na gundi. Ule wino ni kipande kigumu. Unausugua juu ya jiwe pamoja na maji, na kadiri maji yanavyozidi, weusi unapungua. Kwa wino mmoja tu unapata nyeusi ya usiku, kijivu cha mvua, na weupe wa karatasi yenyewe ambao unageuka ukungu au maji. Pale ambapo brashi haikugusa, jicho linaona mto.

Tena mchoraji wa shanshui hasimami mahali pamoja sawa mtu wa kamera. Anatembea mlimani siku mingi, anapanda, anashuka, anaona upande huu na upande ule, kiisha anarudi nyumbani anaweka yote katika karatasi moja. Kwa hiyo picha haionyeshi mlima wa dakika moja. Inaonyesha safari. Mwenye kuiangalia naye anaalikwa kuingia, kufuata kinjia, kuvuka daraja, kupumzika chini ya mti, kuendelea.

Huang aliandika mashauri kwa wanaojifunza kazi hiyo, na yale mashauri yanasomwa hata leo. Moja ni la mtu wa kazi kabisa: mchoraji atembee na mfuko wa ngozi wenye brashi ndani, na akikutana na mti wa umbo la ajabu mahali pazuri, auchore pale pale asije akausahau. Waandishi waliokuja baadaye wanasimulia kwamba yeye mwenyewe alikaa siku nzima kati ya mawe na mianzi akiangalia tu, na kwamba alikwenda kuangalia mto unapoingia bahari, hata mvua na upepo vikimpiga hakuondoka. Watu wakamwona sawa mtu aliyechanganyikiwa. Kumbe alikuwa kazini.

Mto Fuchun

Mwaka wa 1347, Huang alikuwa na miaka 78. Alirudi kwenye milima ya Fuchun, upande wa juu wa Hangzhou, pamoja na rafiki yake wa dini ya Tao, jina lake Wuyong. Mto Fuchun unapita kati ya milima isiyo mirefu sana, yenye miti, na vijiji vya wavuvi chini yake. Mzee akaanza kuchora mto ule juu ya gombo, yaani karatasi ndefu inayoviringishwa, sawa magombo tunayosoma habari zake katika Biblia. Aliichora kwa ajili ya Wuyong, iwe zawadi.

Gombo la namna hiyo halitundikwi ukutani. Unaliweka mezani, unalifungua kwa mikono miwili kutoka kuume kwenda kushoto, kipande kidogo kidogo. Unachofungua kwa mkono huu, unakikunja kwa mkono ule. Sisi watu wa Lualaba tunaweza kuelewa vizuri kuliko wengi. Mtu anayepanda mashua hapa Kindu akiteremka kwenda Ubundu, haoni mto wote mara moja. Anaona kijiji, kinapita. Anaona kisiwa, kinapita. Mitumbwi ya wavuvi, msitu, moshi wa jikoni, tena maji matupu kwa muda mrefu, mpaka kijiji kingine kinatokea kwenye kona. Gombo la Huang ni safari ya namna hiyo. Kuna mlima mzito, kiisha miti ya misonobari, kiisha nyumba ndogo chini, mvuvi peke yake katika mtumbwi, kiisha weupe mrefu wa maji ambapo hakuna kitu, kiisha milima ya mbali iliyochorwa kwa wino mwembamba sana. Ile milima aliijaza kwa mistari mirefu, myepesi, inayofuatana sawa nyuzi za katani. Brashi yake mara mingi ilikuwa karibu kukauka. Hakuna sehemu inayopiga kelele.

Hakuharakisha. Alilibeba gombo katika safari zake, na siku roho ilipomtuma aliongeza mistari michache. Siku roho haikumtuma, aliliacha. Miaka mitatu ikapita, kazi bado haijakwisha. Wuyong akaanza kuogopa. Mzee alikuwa amepita miaka 80, na Wuyong alijua kwamba kitu kizuri vile kitatafutwa na watu wenye hila. Akaomba mzee aandike kabisa kwamba picha ni ya nani, hata kabla haijamalizika. Mwaka wa 1350 Huang akaandika mwishoni mwa gombo habari hiyo yote: namna alivyoianza, namna ilivyochelewa, na hofu ya Wuyong. Aliandika hayo bila kujificha, na bila kujisifu.

Alikufa mwaka wa 1354, na miaka 85. Vita vya kuwaondoa Wamongoli vilikuwa vimekwisha kuanza, lakini mwisho wake hakuuona. Watu waliokuja nyuma wakamweka katika wachoraji wanne wakubwa wa wakati wa Yuan, pamoja na Wu Zhen, Ni Zan na Wang Meng. Wote wanne hawakusifiwa kwa vyeo. Walisifiwa kwa sababu katika wakati mbaya walishika njia yao wenyewe.

Picha ndani ya moto

Wuyong aliogopa bure? Hapana. Yote aliyoyaogopa yalitokea, na hata yale ambayo hakuweza kuyafikiri.

Zaidi ya miaka 100 baadaye gombo lilikuwa kwa mchoraji mwingine mkubwa, Shen Zhou. Alilitoa kwa mtu aliyejulikana naye aandike maneno kidogo juu yake, kama ilivyokuwa desturi. Mtoto wa yule mtu akaliiba akaliuza. Shen Zhou alipolikuta sokoni kwa bei kubwa, hakuwa na uwezo wa kulinunua tena. Akarudi nyumbani, na mwaka wa 1487 akaketi akalichora lote kwa kulikumbuka tu kichwani. Picha hiyo ya Shen Zhou iko hata leo. Inaonyesha namna mtu anaweza kunyang'anywa kitu mkononi, lakini kama alikiangalia vizuri, hawezi kunyang'anywa chote.

Kiisha gombo likapita kwa wengine, hata mwaka wa 1596 likafika kwa Dong Qichang, mwalimu wa wachoraji wa zamani zile. Kutoka kwake likaingia katika ukoo tajiri wa Wu. Mmoja wa ukoo huo, Wu Hongyu, alilipenda kupita kiasi. Vita vilipopita, aliacha mali nyingine yote akakimbia na gombo. Mwaka wa 1650, alipoona kifo kinakaribia, alitaka kwenda nalo. Akaamuru lichomwe, ili moshi wake umfuate huko anakokwenda. Gombo likatupwa ndani ya moto mbele ya kitanda chake. Mtoto wa ndugu yake akaingia mbio, akalichomoa, akatupa gombo lingine mahali pake ili mzee asijue. Picha ikaokoka, lakini moto ulikuwa umekwisha kula sehemu na kuikata vipande viwili.

Kipande kidogo, chenye sentimetri 51 na nusu hivi, kikapewa jina la mlima uliobaki. Kipande kikubwa, chenye mita 6 na zaidi, kikachukua njia yake. Kuanzia pale vipande viwili vya mto mmoja havikukaa tena nyumba moja.

Kipande kikubwa kilifika katika nyumba ya mfalme mkuu Qianlong mwaka wa 1746. Hapo kukatokea jambo la kuchekesha. Mwaka mmoja mbele yake, mfalme alikuwa amekwisha kupata gombo lingine la Fuchun, ambalo lilikuwa nakala. Aliliamini kabisa. Akaandika juu yake maneno yake mara zaidi ya 50, akapiga kashe zake, akajaza kila nafasi nyeupe. Picha ya kweli ilipofika, mfalme hakutaka kukubali kwamba alikosea. Akasema hii mpya njo ya uongo, ingawa ni nzuri, iwekwe tu akiba. Nani angebishana na mfalme? Lakini tuangalie: ile nakala ikaharibika kwa maneno ya mfalme, na ile ya kweli, kwa sababu ilidharauliwa, ikabaki safi. Weupe wa maji ya Huang ukaokoka kwa njia hiyo. Ni katika karne ya 20 wataalamu walipothibitisha kwamba ile iliyodharauliwa njo mkono wa Huang mwenyewe.

Karne hiyo ya 20 haikuwa ya kupumzika. Mwaka wa 1933, Wajapani walipokuwa wanasogea, vitu vya nyumba ya mfalme vilifungwa katika masanduku maelfu, vikatoka Beijing kukimbia vita. Vilizunguka China miaka mingi, kwa treni, kwa motokari, kwa mashua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika mwisho, kati ya 1948 na 1949, sehemu ya masanduku ikavushwa bahari mpaka Taiwan. Kipande kikubwa cha Fuchun kilikuwa ndani. Kiko Taipei mpaka leo. Kipande kidogo kilibaki bara. Mwaka wa 1956 kikaingia katika makumbusho ya jimbo la Zhejiang, huko Hangzhou, karibu na mto wenyewe.

Miaka ikaenda, mto umekatwa na bahari katikati. Mwezi wa 6 mwaka wa 2011, kipande kidogo kilisafirishwa mpaka Taipei, vikawekwa pamoja katika chumba kimoja kwa muda. Tangu ule moto wa 1650, ilikuwa miaka 361. Watu walipanga mistari mirefu kuja kuona. Mlima wa upande huu ukaonana tena na maji ya upande ule, na kati yao alama za moto zilionekana wazi. Hakuna aliyejaribu kuzificha.

Milima ya saruji

Sasa turudi kwa Yang Yongliang na video zake. Mtu akisikia kwamba anageuza milima kuwa majengo, anaweza kufikiri anawadharau wazee. Sisi hatuoni vile. Yang anashika sheria zile zile za Huang: jicho linatembea, ukungu unaachwa mtupu, kilele kinapandishwa nyuma ya kilele. Kitu kilichobadilika ni kile anachokiona akifungua dirisha. Huang alifungua dirisha akaona mto na wavuvi. Yang alizaliwa Shanghai wakati mji huo ulipokuwa karibu kubomolewa na kujengwa upya. Alichora alichokikuta. Katika video yake ya mwaka wa 2012, inayohusu mchana ambao usiku wake hauishi, taa za mji zinawaka juu ya milima ya majengo, magari yanapita, na hakuna mahali pa mvuvi kukaa kimya. Ukiangalia kwa mbali unafurahi. Ukikaribia unaingiwa na huzuni. Mambo hayo mawili njo kazi yenyewe.

Na tusifikiri kwamba mambo hayo ni ya Wachina tu. Hapa kwetu Kongo, huko Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka wa 1978, alifanya kazi inayofanana na hiyo kwa njia yake. Mwaka wa 2006, katika picha alizoziita Kumbukumbu, kwa Kifaransa Mémoire, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi, akaziweka juu ya foto za sasa za viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Wazee wale wanasimama tena mahali walipotolea jasho, na nyuma yao mabati yaliyooza na mlima wa takataka za shaba. Yeye hakuwa na gombo la Huang. Alikuwa na karatasi za kampuni na makumbusho. Lakini swali ni lile lile: mahali hapa palikuwa nini, pamegeuka nini, na nani aliona?

Hapo njo tunataka kuacha wasomaji wetu. Kindu haina majengo ya ghorofa 40. Lakini inabadilika. Mtu aliyeondoka miaka 20 iliyopita akirudi leo, atatafuta mti aliouacha na atakuta nyumba. Mtu anayesimama upande wa Kasuku akiangalia Alunguli ng'ambo ya maji, anaona mitumbwi ikivuka leo; hajui mtoto wake ataona nini mahali pale pale. Hatusemi mji usikue. Watu wanahitaji nyumba, soko, njia nzuri, hata daraja. Huang mwenyewe aliweka nyumba na njia za watu ndani ya milima yake. Tunasema tu kwamba mahali pakibadilika bila mtu kupaangalia vizuri, panapotea mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kumbukumbu.

Vijana wetu wako na telefone mikononi. Zinapiga foto na video mingi, mara mingi ni sura zetu wenyewe, za harusi na za matanga. Hizo ni nzuri, tuendelee nazo. Lakini Huang angewashauri jambo moja, lile la mfuko wa ngozi: ukikutana na mti wa ajabu, na kona ya mto, na ukuta wa zamani wa gare, usiseme utarudi kesho. Fanya picha leo, andika tarehe na jina la mahali, kiisha weka mahali pasipopotea. Mzee yeye alianza kazi yake alipokuwa ametoka gerezani, bila cheo, bila franga, na nywele nyeupe. Alitumia miaka mitatu juu ya mto mmoja na hakuona aibu ya kuchelewa. Shen Zhou aliuchora kwa kuukumbuka. Mtoto wa ndugu aliuchomoa ndani ya moto kwa mikono yake. Yang akaugeuza kuwa mji. Watu hao wote ni mnyororo mmoja, na pete ya kwanza ilikuwa karani aliyefukuzwa.

Lualaba ni mto mkubwa kuliko Fuchun mara nyingi. Bado unangoja mtu wa kukaa naye miaka mitatu.